Joka na Msalaba Kwenye Rafu Moja

Mwaka 2003 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, liliwaomba watazamaji na wasikilizaji wake wapige kura kutaja riwaya wanayoipenda kuliko zote. Hawakuulizwa maprofesa wala majaji wa tuzo. Waliulizwa wasomaji wenyewe, wale wanaosoma kwenye treni na kitandani kabla ya kulala. Kura zilipojumlishwa, nafasi ya kwanza ilikwenda kwa The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien. Jane Austen alikuwa wa pili kwa Pride and Prejudice. Wa tatu alikuwa Philip Pullman kwa His Dark Materials, wa tano J.K. Rowling kwa kitabu kimoja cha Harry Potter, na wa tisa C.S. Lewis kwa The Lion, the Witch and the Wardrobe, ile hadithi ya watoto wanne wanaoingia kabatini na kutokea kwenye nchi ya theluji inayotawaliwa na mchawi.

Kwamba watu wanapenda majoka na uchawi si jambo la kushangaza. Lililonifanya niiandike sura hii ni jingine. Tolkien alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa tangu utotoni. Lewis alikuwa Mwanglikana, na vitabu vyake vya kuitetea imani ya Kikristo vimesomwa kuliko karibu vya mtu yeyote wa karne yake. Pullman haamini, ameukosoa waziwazi ulimwengu wa Narnia aliouumba Lewis, na riwaya zake ni hoja ndefu dhidi ya mamlaka ya kanisa. Yaani watatu kati ya waandishi waliopendwa zaidi walikuwa wakibishana kuhusu Mungu, na uwanja wao wa mabishano ulikuwa nchi ambazo haziko kwenye ramani yoyote.

Kuna wazazi na wachungaji wanaodhani rafu ya fantasia na rafu ya imani ni za nyumba mbili zisizosalimiana. Na kuna vijana wanaopenda fantasia wanaodhani hivyohivyo, kwa sababu ndivyo walivyoambiwa. Historia ya vitabu vyenyewe inakataa.

Turudi Oxford, usiku wa tarehe 19 Septemba 1931. Lewis, mwalimu wa fasihi katika chuo cha Magdalen, alikuwa na umri wa miaka 32. Mama yake alifariki mwaka 1908, yeye akiwa hajatimiza miaka kumi, na imani ya utotoni ilimtoka akiwa shuleni. Mwaka 1916, akiwa kijana asiyeamini, alinunua kwenye kibanda cha vitabu cha stesheni ya treni riwaya iitwayo Phantastes, ya mchungaji wa Kiskoti George MacDonald. Hakuongoka siku hiyo. Lakini baadaye alisimulia kwamba kitabu hicho kilimgusa mahali ambapo mahubiri hayakuwa yamefika: alionja utakatifu kabla hajakubali kwamba upo. Akaenda vitani Ufaransa, akajeruhiwa mwaka 1918, akarudi Oxford, na taratibu akaanza kukubali kwamba Mungu yuko. Lakini yeye bado hakumwelewa Kristo.

Usiku ule alikuwa na wageni wawili, rafiki zake Tolkien na Hugo Dyson. Baada ya chakula wakatembea kwenye njia ya Addison's Walk, chini ya miti kando ya mto, wakizungumzia ngano za kale. Lewis alizipenda mno ngano hizo, hasa za mungu anayekufa na kufufuka, lakini aliziona kuwa uongo mtamu. Tolkien alimpinga. Alimwambia kwamba mwanadamu hubuni hadithi kwa sababu yeye mwenyewe ameumbwa na Mbunifu, na kwa hiyo hata ngano za wapagani hubeba punje ya kweli. Habari za Kristo, alisema, humfanyia kazi msikilizaji kama ngano zifanyavyo, ila tofauti yake ni kwamba hizi zilitokea kweli. Tolkien aliondoka kama saa tisa za usiku. Siku chache baadaye, tarehe 28 Septemba, Lewis alipanda kigari cha pembeni cha pikipiki ya kaka yake kwenda kutazama wanyama katika bustani ya Whipsnade. Alisimulia kwamba walipoondoka hakuwa akiamini kuwa Yesu ni Mwana wa Mungu, na walipofika alikuwa akiamini.

Mtu huyu hakushindwa kwa mistari ya Biblia aliyotupiwa mezani. Alishindwa na hoja kuhusu hadithi, kutoka kwa rafiki aliyezijua hadithi kuliko yeye.

Tolkien naye alikuwa na sababu zake za kushikilia imani. Alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Baba yake alifia huko mwaka 1896, wakati mama na watoto wako Uingereza. Mama, Mabel, aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1900, na ndugu wa Kiprotestanti wakachukia, baadhi wakamnyima msaada wa fedha. Akalea watoto wawili katika umaskini, akafa kwa kisukari mwaka 1904, kabla insulini haijagunduliwa, akiwa amewakabidhi wanawe kwa padri mmoja wa Birmingham, Francis Morgan. Tolkien alikuwa na miaka 12. Hadi uzeeni alimhesabu mama yake kuwa shahidi wa imani. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1916 akapigana kwenye mahandaki ya Somme, ambako homa iliyoenezwa na chawa ndiyo iliyomtoa vitani. Rafiki zake wa karibu wa shule, isipokuwa mmoja, hawakurudi.

Ajabu ni kwamba ukiifungua The Lord of the Rings hutakuta kanisa, wala kasisi, wala ibada yenye jina. Hadithi ilitoka katika juzuu tatu kati ya mwaka 1954 na 1955, kurasa zaidi ya elfu moja, na jina la Mungu halitajwi kwa namna ambayo msomaji wa kawaida angelitambua. Hata hivyo Tolkien alimwandikia Mjesuiti mmoja rafiki yake mwaka 1953 kwamba kazi hiyo kimsingi ni ya kidini na ya Kikatoliki, na kwamba alama za dini aliziondoa kwa makusudi kwa sababu dini ilikwisha kuyeyuka ndani ya hadithi yenyewe.

Msomaji mwangalifu ataona nyayo. Frodo, shujaa wa hadithi, na wenzake wanaondoka Rivendell tarehe 25 Desemba. Pete ya uovu inaangamizwa tarehe 25 Machi, siku ambayo Wakatoliki huadhimisha malaika Gabrieli kumpasha Mariamu habari, na ambayo mapokeo ya kale yaliihesabu pia kuwa siku ya kusulubiwa. Ila tarehe ni mapambo tu. Moyo wa jambo uko mlimani, mwisho wa safari, na hapo naomba tusimame kidogo, kwa sababu ni mahali panaposomwa haraka mno.

Frodo amebeba pete kutoka kwao hadi kwenye mlima wa moto, mahali pekee inapoweza kuyeyushwa. Ameacha nyumba, amechomwa kisu, ameshinda njaa na kiu, na rafiki yake Sam amembeba mgongoni hatua za mwisho. Anafika ukingoni. Na hapo, baada ya yote, anashindwa. Anakataa kuitupa, anaitangaza kuwa mali yake, anaivaa. Kama ushindi ungetegemea nguvu za shujaa, hadithi ingeishia hapo na dunia ingepotea. Inayookoa siku ni huruma ya zamani. Miaka mingi nyuma Bilbo, aliyekuwa na pete kabla ya Frodo, alikuwa na nafasi ya kumuua Gollum, kiumbe aliyeharibiwa na pete hiyohiyo, akamhurumia. Frodo naye akapata nafasi, akamhurumia. Gollum huyo aliyesamehewa mara mbili ndiye anayempokonya Frodo pete, kwa kumng'ata kidole, kisha anateleza na kuanguka nayo motoni.

Wasomaji walimwandikia Tolkien wakilalamika kwamba shujaa wao ameangushwa. Katika majibu yake aliieleza sehemu hiyo kwa Sala ya Bwana: tunaomba tusitiwe majaribuni kwa kuwa yapo majaribu yanayoshinda nguvu za mtu, na tunaomba kusamehewa kama sisi tunavyosamehe. Frodo alitoa alichokuwa nacho chote, kikaisha, na huruma aliyoitoa njiani ikamrudia katika saa aliyoihitaji. Nimesoma maelezo mengi ya neema katika vitabu vya katekisimu. Sijui hata moja linalomfanya msomaji aielewe neema mwilini mwake kama kurasa hizo chache, na huenda msomaji mwenyewe asijue kwamba amefundishwa.

Lewis alichukua njia ya wazi zaidi. The Lion, the Witch and the Wardrobe ilitoka mwaka 1950, na hadi 1956 vitabu vya Narnia vikatimia saba. Simba Aslan anakufa badala ya mtoto msaliti, tena juu ya meza ya mawe, na kulipopambazuka yu hai. Mkristo hahitaji kuambiwa maana yake. Lewis mwenyewe alisema hakukaa chini kutunga istiari. Alijiuliza tu ingekuwaje kama kungekuwa na ulimwengu wa wanyama wanaosema, na Mwana wa Mungu akaja kule kwa umbo la kule. Tolkien hakuipenda Narnia. Aliona imeandikwa kwa haraka, imechanganya viumbe wa ngano za mataifa tofauti pamoja na Baba Krismasi, na alikuwa na chuki ya muda mrefu dhidi ya hadithi zinazomshika msomaji mkono na kumpeleka kwenye maana.

Katika ugomvi huo mimi niko upande wa Tolkien, ingawa namshukuru Lewis kwa ajili ya watoto. Mtoto wa miaka minane anamwelewa Aslan mara moja. Lakini mtu mzima aliyechoka kuhubiriwa hujilinda pale anaposikia mahubiri yanakuja, na Tolkien humpita mlinzi huyo bila hata kubisha hodi. Wala tusisahau deni kati yao. Tolkien alikiri kwamba bila Lewis kumsukuma mwaka hadi mwaka, akisikiliza sura mpya zikisomwa Alhamisi usiku kwenye vyumba vyake huko Magdalen, asingelimaliza kitabu chake kikubwa.

Lewis alifariki tarehe 22 Novemba 1963, siku ileile aliyouawa Rais Kennedy, na Tolkien tarehe 2 Septemba 1973. Miezi michache tu baada ya hapo, Januari 1974, kwenye mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani, kikatoka kitu ambacho hakuna hata mmoja wao angekitabiri. Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons, sanduku lenye vijitabu vitatu vya kanuni, nakala 1,000 za kwanza. Watu huketi mezani, mmoja anasimulia, wengine kila mmoja anashika mhusika wake, na dadu zinaamua upanga umepata au umekosa. Hakuna ubao wala mshindi. Kuna hadithi ambayo hakuna anayejua itaishaje mpaka waliopo wachague.

Tolkien alikuwemo humo tangu mwanzo, kiasi kwamba wenye haki za kazi zake walitishia kwenda mahakamani na Hobbit, watu wa jamii ya Frodo, wakalazimika kupewa jina jingine. Mwaka 1979 Gygax aliambatisha kwenye mwongozo wa msimuliaji orodha ya vitabu vilivyomlea, na mashabiki hadi leo wanaisaka orodha hiyo na kuisoma kitabu kwa kitabu. Lakini kuna kitu kingine ndani ya sanduku lile ambacho waliolipinga hawakukiona. Mmoja wa wahusika watatu wa kwanza kabisa ambao mtu aliweza kuwachagua, pamoja na mpiganaji na mchawi, ni kasisi. Uwezo wake ulichotwa kwa kiasi kikubwa kutoka Biblia na masimulizi ya watakatifu: kugeuza fimbo kuwa nyoka, kuleta pigo la wadudu, kutengeneza chakula na maji, kuponya, kufufua wafu. Aliyewahi kusoma Kutoka na Matendo ya Mitume anaitambua orodha hiyo bila msaada.

Hilo halikuzuia hofu. Mwaka 1979 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Michigan alitoweka, na mpelelezi aliyekodiwa akawaambia waandishi wa habari kwamba huenda mchezo ndio chanzo. Kijana alipatikana hai, na ikajulikana kuwa alikuwa na dhiki zake nzito zisizohusiana na dadu. Taarifa ya kwanza ilikwisha kusambaa. Katika miaka ya 1980 wahubiri wakachapisha vijitabu vya kuonya, wazazi wakaunda vikundi vya kupinga, sanduku likaitwa mlango wa shetani. Wachapishaji wakatishika. Toleo la pili la mwaka 1989 liliondoa majina ya mapepo na mashetani, na baadaye yakapewa majina ya kubuni. Tafakari hilo kidogo: kwa shinikizo la Wakristo, mchezo ulifichiwa jina la uovu, wakati Biblia yenyewe huutaja uovu kwa jina.

Na katikati ya hofu hiyo, mwaka 1984, kikatoka Dragons of Autumn Twilight cha Margaret Weis na Tracy Hickman, cha kwanza katika mfululizo wa Dragonlance, kilichoandikwa sambamba na michezo ya wachapishaji haohao. Hickman ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na ujanani alitumwa Indonesia kama mmisionari. Ulimwengu wake, Krynn, umepigwa na maafa kwa sababu kuhani mkuu mwenye kiburi alitaka kuwaamuru miungu. Watu wakadhani wameachwa. Mwanamke mmoja, Goldmoon, anapata fimbo inayoponya kweli, na sehemu kubwa ya kitabu ni safari ya kutafuta bamba za madini zilizoandikwa mafundisho yaliyosahauliwa. Anayejua masimulizi ya Joseph Smith kuhusu bamba za dhahabu haoni shida kutambua chemchemi yake. Vitabu hivyo viliuzwa kwa mamilioni, na vijana wengi waliovificha chini ya mito ya vitanda, wakiogopa kukamatwa na dhambi, walikuwa wakisoma habari za watu waliopoteza imani wakaipata.

Mwaka huohuo Wakristo wa kiinjili walitoa mchezo wao, DragonRaid, ambamo mchezaji hukariri mistari ya Biblia ili apate nguvu ya kupigana na majoka. Nia yake naiheshimu. Ila nadhani ilikosa kile Tolkien alichokijua: ukishamwambia mchezaji jibu ni lipi, hana tena cha kuchagua, na imani isiyochaguliwa haimfikishi mtu mlimani.

Hii si mara ya kwanza kwa Ukristo kukabidhi ujumbe wake kwa nchi ya kubuni. Mwaka 1678 John Bunyan, fundi wa kuziba masufuria kutoka karibu na Bedford, aliyekaa gerezani miaka 12 kwa kuhubiri bila ruhusa, alichapisha The Pilgrim's Progress. Wasomaji wa Kiswahili wanakifahamu kwa jina la Safari ya Msafiri. Wamisionari walikieneza Afrika katika lugha nyingi, mara nyingi kikifuata nyuma tu ya Biblia. Kina bonde la giza, kina jitu linalofunga watu ngomeni, kina pigano la upanga na Apolioni mwenye mabawa ya joka na magamba ya samaki. Kimesomwa makanisani vizazi na vizazi bila mtu kuuliza kama majoka yanafaa kwa Mkristo. Bibi aliyekisoma kwa machozi, halafu akampokonya mjukuu riwaya ya Tolkien, hajui kwamba mjukuu alikuwa akitembea njia ileile aliyopita yeye.

Wala sisi hatuna sababu ya kuiona nchi ya kubuni kuwa kitu cha wageni. Shaaban Robert, Mwislamu mcha Mungu, alitupa Kusadikika mwaka 1951, nchi iliyo hewani, na akaweka kizimbani mwake haki ambayo isingeweza kutetewa waziwazi chini ya mkoloni. Aliijua siri hiyohiyo. Kuna maneno ambayo mtu huyasikia tu akiwa amehamishwa kwanza kutoka mahali alipozoea kubisha.

Kwa mzazi au mlezi wa vijana kanisani ninalo ombi moja. Kabla ya kukitoa kitabu mikononi mwa kijana, kisome mpaka mwisho, kisha muulize ni mhusika yupi amempenda na kwa nini. Jibu lake litakuonyesha hali ya moyo wake kuliko maswali ya katekisimu. Yako maandishi katika rafu hii yasiyofaa kwa umri fulani, na mengine ni mabaya tu kama maandishi, lakini hilo hulijui kwa kutazama joka lililo juu ya jalada.

Kwa kijana anayependa majoka na anayedhani imani haina cha kumwambia: tafuta The Screwtape Letters cha mwaka 1942, barua 31 za shetani mzee kwa mpwa wake anayejifunza kazi ya kupotosha watu. Lewis alikitabaruku kwa Tolkien. Kisha rudi kwenye juzuu ya mwisho ya The Lord of the Rings, kitabu cha sita, sura ya tatu, uisome polepole ukijua kwamba aliyeiandika alikuwa mtu wa sala.